Asubuhi Ambayo Valvu Haikulia

Tangu nirudishe ufunguo wa chumba cha boila, bado naamka kabla ya alfajiri. Naswali, kisha nakaa kibarazani kwetu hapa mjini Kisii na kutega sikio. Hakuna ninachoweza kusikia kutoka hapa, maana kiwanda kiko mbali, juu huko kuelekea Gesima, lakini masikio yangu hayajapokea barua ya kustaafu. Mke wangu ananiuliza chai aimimine sasa au asubiri ruhusa ya boila.

Nyinyi vijana mliobaki na spana mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa, hayo mtayasikia kwa makarani, tena kwa utamu kuliko nitakavyoweza mimi. Nitaandika habari ya kitu kimoja kilichonilisha maisha yangu yote: valvu ya usalama, na jinsi nilivyojaribu kuwafundisha watu waipende.

Baba yangu alikuwa na duka la nguo hapa mjini, na alitaka nikae nyuma ya kaunta kama kaka zangu. Mimi nguo zilinichosha. Katika miaka ya thelathini nikapata nafasi kwenye karakana moja ya Kisumu, chini ya fundi Kalasinga aliyeitwa Kartar. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe, nikidhani nitapewa spana. Nilipewa kigoda. Fundi Kartar akaniambia nikae karibu na boila na nisikilize. Nikasikiliza hadi jioni. Alipouliza nimesikia nini, nikasema kelele. Akanirudisha kwenye kigoda kesho yake.

Siku alipoona nimeanza kutofautisha sauti ya maji yanayochemka vizuri na ya maji yaliyopungua, alinichukua nyuma ya karakana na debe tupu. Akatia maji, akakigongomea kifuniko mpaka kikabana kabisa, akaliweka debe juu ya moto. Tukajificha nyuma ya tuta la udongo. Debe lilianza kuvimba tumbo, likaguna, halafu likaruka juu kwa mshindo ulionifanya nilale kifudifudi na shati langu jeupe. Fundi Kartar alikuwa bado amesimama, anakuna ndevu.

"Wewe ona," akasema. "Moto nafanya mvuke. Mvuke nataka toka. Kama hapati mlango, natengeneza mlango yake."

Nimesoma vitabu vya ufundi baadaye, na sijaona mahali palipoeleza jambo hilo vizuri zaidi. Valvu ya usalama ni mlango huo. Zile boila zetu za zamani zilikuwa na tundu juu, na tundu limefunikwa na kisahani cha shaba. Kisahani kinakandamizwa na mkono mrefu wa chuma, na mwisho wa mkono ule linaning'inia jiwe la mizani. Presha ikizidi kiasi, mvuke unakisukuma kisahani, mkono unanyanyuka, na mvuke unatoka kwa mlio unaosikika milima yote. Presha ikishuka, kisahani kinarudi mahali pake. Hakihitaji mtu. Ndiyo maana watu wanakiingilia.

Wakati wa vita nilitumwa Nyamarambe, kwenye kinu cha kusaga mahindi kilichoendeshwa kwa mvuke. Nilikuta mkono wa valvu umefungwa kwa waya mnene, mizunguko mingi, kazi safi kabisa. Nikamuuliza mwendesha mtambo nani amefunga. Akanijibu kwa fahari kwamba ni yeye, kwa sababu ule mkono ulikuwa unachezacheza. Nikatoka nje, nikakaa chini ya ukuta wa mbali, nikamwita aje hapo nimweleze habari ya mlango wa mvuke. Sikurudi ndani mpaka moto ulipozimwa. Kutoka siku ile wakaniita Bwana Mlango, na jina hilo lilinifuata hadi Nyamira.

Baada ya vita kikajengwa kiwanda cha kukausha pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, upande wa Gesima, na nikapelekwa kufundisha mafundi wa boila. Walikuja vijana wa huko huko na wengine wachache kutoka upande wa ziwani. Wote niliwaanzisha kwenye kigoda. Wote waliona debe likiruka, na sikuwahi kumwona hata mmoja aliyebaki amesimama kama Fundi Kartar. Niliwafundisha kusoma geji, kuangalia kioo cha maji kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, kutoa matope ya chini ya boila, na kuvuta mnyororo wa valvu kwa mkono ili kuhakikisha kisahani hakijaganda. Huo mnyororo unavutwa presha ikiwa imekaribia alama yake ya kazi, na mtu asisimame mbele ya bomba la kutokea. Kuna aliyesimama mara moja. Alibaki na nyusi moja.

Katika kundi lile Ombati ndiye aliyenifurahisha. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono iliyojua chuma. Swali lolote la boila alilijibu kabla sijamaliza kuliuliza. Alikuwa amemwoa msichana aitwaye Moraa kutoka mlima wa ng'ambo, bonde moja tu katikati, na mama yake Moraa alikuwa mmoja wa wanawake waliochuma pareto na kuileta kiwandani kwa vikapu kichwani. Niliona nimempata mtu wa kumwachia kazi yangu.

Basi siku moja ninapanda ngazi ya boila yake kukagua, naona kwenye mkono wa valvu, pembeni ya jiwe la mizani, linaning'inia jiwe jingine. Lilikuwa jiwe la sabuni, lile laini linalochongwa huku kwetu, limetobolewa tundu katikati na kuzungushwa vizuri mpaka linang'aa. Lilipendeza. Kama lisingekuwa limewekwa pale kutuua, ningelichukua nyumbani kwangu liwe pambo.

Waya wa Nyamarambe ulikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Huyu alikuwa ameliona debe. Huyu alijua kila gramu inayoongezwa pale inafanya nini. Nikalitoa jiwe, nikateremka nalo, nikamwekea mbele yake juu ya benchi.

"Ombati, hili ni nini?"

Hakujaribu kudanganya. Aliinamisha kichwa, akasema, "Fundi, hiyo kelele inaniharibia jina. Ikilia, watu ya ng'ambo wote wanasikia. Wanasema chungu yangu imemwagika."

Nilidhani ananitania. Ikabidi nimwite mama mmoja wa meza ya kuchambua maua, aliyeolewa karibu na mjini na kuzoea maswali yetu sisi watu wa nje, anieleze. Alicheka kwanza. Kisha akasema kwamba huko milimani mtu anayeacha chungu kimwagikie moto anaonekana hana akili ya nyumba. Mvuke ule ulipotoka kwa kelele, watu wa ng'ambo walitazamana na kusema, mkwe wa fulani leo tena ameshindwa na chungu. Na huyo fulani ni mama yake Moraa.

Hapo nikaelewa. Wenyeji wa huku wana kitu wanachokiita ensoni. Ni heshima yenye haya ndani yake, na kati ya mwanamume na mama mkwe wake ndiyo huwa kali kuliko zote. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, na Ombati hakulitamka hata jina la mama huyo. Kwake alikuwa "wa upande ule" tu. Sasa mtu ambaye haruhusiwi hata kukohoa mbele ya mama mkwe, boila yake inampigia kelele bonde zima. Yule kijana hakuwa na tatizo la masomo. Alikuwa anaona aibu, na aibu haipimwi kwa geji.

Meneja, Mzungu mmoja asiyependa maelezo marefu, alitaka Ombati afukuzwe siku hiyo hiyo. Nikamwambia tukimfukuza, atakayekuja naye atakuwa na mama mkwe. Akanipa muda.

Nikafikiri sana. Kelele ya valvu iliwashangaza watu kwa sababu ilikuja bila kutarajiwa. Basi nikaamua itarajiwe. Tulikuwa tunavuta mnyororo mara kwa mara, kila mtu kwa wakati wake. Nikaweka sharti jipya: mnyororo utavutwa kila asubuhi, wanawake wanapofika langoni na vikapu, kabla mtu yeyote hajaingia. Kisha nikasimama langoni, yule mama wa meza ya kuchambua akitafsiri, nikawaambia wanawake wote: "Mkisikia inalia asubuhi, jueni mlango wa mvuke uko wazi na humu ndani ni salama. Isipolia, msiingie."

Mama Moraa alikuwa nyuma kabisa, mwembamba, amejifunga leso kichwani. Akauliza kitu kwa Kigusii. Mtafsiri akanigeukia. "Anauliza, kwa hivyo ikilia, huyo wa ndani amefanya kazi yake vizuri?"

"Ndiyo. Vizuri kabisa."

Akaikaza leso yake, akaingia na wenzake. Na kuanzia wiki ile hakuna aliyesikika akicheka habari ya chungu. Mlio wa asubuhi ukawa wao. Wakawa wanautumia kuamsha watoto na kutoa ng'ombe, na siku moja niliposahau saa yangu, mzee mmoja njiani aliniambia nimechelewa kwa sababu boila ilikuwa imeshalia. Ombati akaanza kuvuta mnyororo akiwa amenyoosha mgongo. Jiwe la sabuni nililiweka kwenye kabati la vyombo, nikawa nawaonyesha wanafunzi.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua nyingi, zile mvua zetu zinazonyesha alasiri kama zimeajiriwa. Maua ya pareto yaliletwa yamelowa, na maua mabichi yakikaa kikapuni yanapata joto, yanaota ukungu, yanakuwa takataka. Vyumba vya kukaushia vilikuwa vinasubiriwa kuliko wakati wowote. Mimi nilikuwa nimelala Nyamira kwa kazi nyingine, nikapanda baiskeli mapema, nasukuma zaidi ya ninavyoendesha kwa sababu ya tope.

Nilipofika langoni niliwakuta wanawake wamesimama nje, vikapu kichwani, maji yanadondoka mabegani. Askari wa lango aliwafokea waingie. Hakuna aliyeinua mguu.

"Kuna nini?" nikauliza.

Mama Moraa ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake kidogo. "Haijalia."

Niliitupa baiskeli. Chumbani nilimkuta Ombati peke yake juu ya jukwaa, shati limemganda mwilini, mnyororo umelegea kando na nyundo iko mkononi mwake. Moto ulikuwa unanguruma. Mvuke ulikuwa haujafunguliwa kwenda kwenye vyumba vya kukaushia, na mshale wa geji ulikuwa umeugusa mstari mwekundu na bado unapanda polepole.

"Fundi, imekataa kidogo tu," akasema. "Wacha nigonge mara moja, itashtuka."

Vijana wangu, kama mtasahau mengine yote, shikeni hili: valvu iliyoganda ikiwa na presha haigongwi. Kisahani kikikubali ghafla, au chuma kikipasuka, aliye karibu hapati nafasi ya kujifunza zaidi. Nikamwambia, kwa sauti niliyoweza, "Shuka. Tutoe moto."

"Tukitoa moto maua inaoza. Yote."

"Yaoze."

"Fundi, si maua ya kampuni! Ni ya hao wamama wako nje. Ni ya..." Akashindwa kumaliza. Nikajua anachoshindwa kukitaja. "Watasema ni mimi nimeozesha. Kwanza nilimwaga chungu, sasa nimewanyima chakula. Yaya, hapana, Fundi. Mara moja tu."

Akainua nyundo. Kumbe jiwe la sabuni lilikuwa bado linaning'inia, ila sasa lilikuwa ndani yake. Ningeweza kumvuta miguu, lakini alikuwa mkubwa kuliko mimi mara nyingi, na nilikuwa chini ya ngazi. Niliogopa. Niliona uso wa Moraa, aliyekuwa na mimba kubwa wakati ule, na nikajiuliza nitaanza vipi kumwambia.

Ndipo nikasikia sauti mlangoni.

Mama Moraa alikuwa ameingia uani, akaja hadi kizingiti cha chumba cha boila, mahali ambapo mwanamke wa cheo chake kwa mtu yule hakupaswa kufika. Alikuwa ametupa mgongo, uso ameuelekeza uani, leso ameivuta mpaka kwenye macho. Kikapu kilikuwa bado kichwani. Alinizungumzia mimi, kwa Kiswahili, ili maneno yapite kwangu na yasiende moja kwa moja.

"Fundi, mwambie huyo mtu ya ndani, maua yangu wacha ioze. Nitachuma ingine. Lakini msichana yangu ako na bwana moja tu. Huyo mimi siwezi kwenda shamba kuchuma ingine."

Halafu, bila kugeuka, akakishusha kikapu kutoka kichwani na kukimimina. Maua yote, meupe yenye vifua vya manjano, yakamwagika kwenye tope la uani.

Sikuhitaji kumwambia Ombati kitu. Nyundo niliisikia ikilala juu ya chuma, taratibu. Alishuka ngazi bila kutazama mlangoni, akachukua reki, na tukaufungulia mvuke wote uende kwenye vyumba, tukafunga hewa ya tanuri, tukautoa moto nje wote, makaa yakizomea kwenye tope. Machozi yalikuwa yanamtoka, na moshi haukuwa na hatia yoyote. Mshale ulisimama pale pale kwa muda ambao hata leo siwezi kuusema, kisha ukaanza kurudi. Tulipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Boila ilipopoa tuliifungua valvu. Kisahani kilikuwa kimeshikwa pande zote na ukoko mweupe, ule ule mnaouona chini ya birika la chai, ila huu ulikuwa mgumu kama saruji. Maji ya mto yalikuwa yamebadilika kwa sababu ya mvua, na mvuke ulikuwa umeyabeba machafu hadi juu. Kuanzia hapo tukaanza kuyatuliza maji kwenye tangi kabla ya kuyatumia, na valvu ikawa inafunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Meneja aliuliza nani ametoa amri ya kuzima moto. Nikamjibu ni boila. Maua mengi yalioza kweli. Wanawake waliyachukua yale yaliyobaki, wakayatandaza juani walipoliona jua, na sikusikia hata mmoja akilitaja jina la Ombati kwa ubaya.

Kwa sababu maneno yale yalikuwa yamesemwa karibu mno kuliko ensoni inavyoruhusu, Ombati alipeleka mbuzi kwa wakwe zake kuweka mambo sawa. Nikaalikwa. Nilimchinja mwenyewe ili nami niweze kula, na hakuna aliyelalamika, maana mkono wa kuchinja kwa bure haukataliwi. Mama Moraa alikuwa jikoni muda wote. Ombati alikuwa nje, mbali na jiko. Kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake.

Asubuhi boila ilipowashwa tena nilisimama langoni kwa makusudi. Mlio ukatoka, mrefu, safi. Mama Moraa alisimama akausikiliza hadi mwisho, kikapu kichwani.

"Ee," akasema taratibu, akielekeza jibu kwenye bomba la mvuke. "Mimi pia nimeamka salama."

Akaingia na kikapu chake.

Hivyo ndivyo walivyoendelea, miaka yote niliyobaki pale. Moraa alijifungua salama, akajifungua tena, na miguu ya mama mkwe ikazeeka, akaacha kuleta maua. Sasa anakaa kwake ng'ambo ya bonde. Wale wawili hawajawahi kusalimiana kwa mdomo, na hawatasalimiana, kama inavyotakiwa. Ombati ndiye anayewafundisha nyinyi. Akiwakalisha kwenye kigoda siku nzima, msimchukie. Mchukieni Fundi Kartar.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda mapema kuliko kawaida. Ombati alikuwa ameshaukagua moto, kioo cha maji kiko sawa, mshale umefika kwenye alama ya kazi. Wanawake walikuwa langoni. Akaushika mnyororo, akanigeukia, akanyoosha mkono wake kunipa.

"Leo vuta wewe, Fundi. Uage."

Nilitamani. Nilikwisha kuinua mkono. Halafu nikatazama nje ya dirisha, ng'ambo ya bonde, kwenye kijumba kile ambacho moshi ulikuwa bado haujaanza kutoka jikoni.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Kuna mtu anasubiri salamu yako."

Akavuta. Tukasikiliza wote wawili mpaka mlio ukaisha. Nilipokuwa nafunga mkoba wangu kwenye baiskeli, moshi ulianza kupanda kule ng'ambo.